Ile laptopu uliyoniulizia

Mkomani, Lamu
Ijumaa, baada ya Asri

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam aleikum. Mimi mzima, mama mzima, na watoto wa ndugu yangu wazima kupita kiasi, wanavyopiga kelele. Saumu tunaifunga, ila joto, shoga! Kaskazi imekwisha, kusi bado haijafika, tumo kwenye maleleji haya tunapepeana kwa makawa ya vyungu. Leo futari ni zamu ya wifi, nami nimepata nafasi ya kukujibu.

Nilipokwambia kwenye simu kwamba nitakuandikia ulicheka, ukasema siku hizi nani anaandika barua. Basi mimi ninaandika. Mambo ya kutoa Sh 60,000 siwezi kukueleza kwa ujumbe wa sauti, punda wakilia nyuma.

Unaniuliza kama laptopu yangu hii nyembamba ni nzuri, ile uliyoishika ulipokuja Maulidi ukawa unaipapasa kama kitambaa cha hariri dukani. Na umeshaipata mwenzake huko Malindi, na muuzaji anataka arubuni. Haya, sikiliza.

Naanza na uzito, maana ndio ulioniponza. Ile ya zamani unaikumbuka? Pamoja na chaja yake, ile iliyokuwa kama tofali, ilikaribia kilo 3 na nusu. Na mimi hesabu ninazoandika ni za nyumba tatu za wageni, mbili hapa mjini na moja Shela. Kwenda Shela kwa miguu kwa njia ya pwani ni kama dakika 40, maji yakijaa unapanda mashua utake usitake. Nilikuwa nafika bega moja liko juu, jingine chini, nimeacha njia nzima nikigongwa mkoba na punda wa mchanga. Siku niliyoinunua hii mpya nilipita kwa muuza maembe nikamwomba mizani. Akanitazama. Nikaivingirisha leso, nikaiweka. Kilo 1 na robo, leso ikiwemo. "Maembe matatu hayo, dada," akasema, akaendelea na wateja wake.

Hilo jina la kompyuta mpakato nilikuwa nikilicheka, kwa sababu ile ya zamani ukiipakata unaungua mapaja. Hii, wallahi, unaipakata kama mtoto wa arubaini. Nimeandika hesabu za mwezi mzima ndani ya mashua tukingoja abiria wajae. Chaji ikitimia asubuhi, inanifikisha Magharibi. Stima ikipotea, na unajua huku inavyopotea, naichomeka kwenye pawabenki ile kubwa na kazi inaendelea. Kwa hayo mambo mawili peke yake, mimi siitoi.

Sasa matundu. Yangu ina mawili madogo ya kule ubavuni, yale membamba ya USB-C, na la sauti, basi. Usidhani umeibiwa, ndivyo ulivyo mtindo wenyewe wa laptopu hizi nyembamba tangu ulipoanza. Januari 2008 Steve Jobs, mkuu wa kampuni ya Apple, alisimama jukwaani San Francisco akaitoa laptopu yao ya MacBook Air ndani ya bahasha ya ofisini, watu wakashangilia. Ilikuwa na kilo 1.36, tundu moja tu la USB, na pa kutilia CD hapana. Watu walilalamika sana, lakini makampuni mengine mengi yakafuata njia ile ile. Yangu si ya kampuni hiyo, lakini ni mjukuu wa bahasha ile. Kwa hiyo mwenye nyumba wa Shela akinipa flashi ya risiti, haiingii popote. Mara ya kwanza nilikuwa nimeisahau adapta, kile kipande cha kuunganishia flashi, juu ya kitanda. Nikarudi mjini, jua la saa saba, nikaifuata. Siku hizi naifunga kwa uzi ndani ya mkoba kama ufunguo wa kabati.

Mama alipoiona mara ya kwanza aliizungusha mkononi, akaitazama nyuma na mbele, akasema: "Uzuri wa mkakasi, ukipata maji basi." Nikanuna. Nikanunua mfuko wa plastiki mnene, nikawa naivisha kila nikipanda mashua, na kweli tone halijaigusa. Kumbe kilichokuwa kikiila si maji, ni hewa. Kama miezi minane hivi, pale unapolaza viganja ukichapa, pakaanza kutoka vipele vyeupe. Nikadhani ni unga wa mahamri. Nikafuta, havitoki. Ni alumini inaliwa na jasho na chumvi, shoga, kama mabati yetu yanavyoliwa, ila hii inaliwa kwa adabu, nukta moja moja. Ukipitisha kidole unahisi kama ukurutu. Sasa kila jioni naipangusa kwa kile kitambaa cha miwani, nimekilowesha kidogo, halafu naikausha. Na bangili navua, maana zilikuwa zimeshaniandikia mistari upande wa kushoto. Wewe na bangili zako saba, hapo pana kazi.

Lakini lililoniumiza ni betri. Mwaka wa pili ulipoingia, kile kibao cha kusogezea mshale kikaacha kubonyea. Nikabonyeza kwa kidole gumba, hakiendi. Nikasema ni vumbi. Wiki mbili baadaye niliiweka juu ya meza ya kioo ya sebuleni, ikawa inayumba kama ngarawa iliyokosa matengo. Nikainama nikaitazama kwa ubavu: tumbo limetoka. Betri ilikuwa imevimba ndani, ndiyo iliyokuwa ikikisukuma kile kibao kwa chini.

Nikaipeleka kwa yule fundi wetu wa Langoni, yule aliyeifungua ile ya zamani kwa bisibisi, akaiongeza memori, na chenji akanirudishia. Akaigeuza hii. Misumari yake ina vichwa vya nyota, akatafuta bisibisi mpaka akaipata. Akaifungua, akaitazama betri ilivyogandishwa kwa gundi, akaifunga tena polepole kama mtu aliyeingia chumba kisicho chake. "Dada, sitaki lawama," akasema. "Hii ikichomwa na chuma inawaka." Akaniambia nisiichaji tena na nisiilaze karibu na godoro. Memori nayo nikamuuliza, akacheka: imechomelewa kwenye bodi, uliyonunua nayo ndiyo utakayozeeka nayo.

Ikabidi iende Mombasa. Nikaivusha mpaka Mokowe, nikampa mtu wa basi niliyemwamini, ikapita Witu, Garsen, ikapita hata hapo kwako Malindi bila kukusalimu. Siku 12 na Sh 9,000. Hizo siku 12 niliandika hesabu kwenye daftari kama babu. Fundi wa huko akaniuliza ninaitumiaje. Nikamwambia nikiwa nyumbani inakaa kwenye chaja kutwa. Akasema basi, joto la pwani na chaji ya 100 kila saa, betri haiwezi kupona. Akaniwekea mpangilio wa kusimama kwenye asilimia 80. Ulikuwemo ndani tangu siku ya kwanza, na muuzaji hakufungua mdomo. Alikuwa akinisifia rangi.

Si mimi peke yangu niliyeingia mkumbo huu. Binamu yangu mpiga picha za arusi aliiona yangu akaenda kununua kama yenyewe. Haina feni, kimya kabisa, naye alilipenda hilo. Sasa tia picha za arusi ya Lamu ndani yake, shoga: kuingia ukumbini saa moja, ngoma ya vugo, kesha, bibi arusi kutolewa nje. Ikipata moto haina pa kupumulia, inajipunguza mwendo yenyewe ili isiungue. Vitabu vyao vya maelezo husema joto la chumba lisizidi nyuzi 35, nasi mchana wa leo sidhani tuko mbali na hapo. Alikuwa akiilaza kwenye sakafu usiku ndipo aendelee. Baada ya miezi mitano akaiuza, akarudi kwenye lile zigo lake la zamani, na sasa anaringa nalo.

Halafu yupo binti wa jirani anayesoma chuo Mombasa. Huyo ukimgusa laptopu yake mtagombana. Anaamka nayo, anahudhuria masomo nayo, anapanda matatu nayo kwapani chini ya buibui, hakuna anayejua kama anayo. Anaandika tu na kusoma.

Sasa wewe. Nisamehe nikikuuliza kama dada: utaibeba kwenda wapi? Kutoka mezani hadi kitandani? Kazi yako ni tafsiri, mikataba ya viwanja vya hao Wataliano wa Malindi. Unakaa kitako siku nzima, Kitaliano upande huu, Kiswahili upande huu. Kioo cha inchi 13 utakigawa vipi mara mbili, na miwani umeshaanza kuvaa? Kwa wakili unakwenda mara moja kwa wiki, tena kwa tuktuk. Wepesi mimi naulipia kwa sababu naubeba. Wewe utaulipia uukalishe juu ya meza.

Lakini nakujua. Ukishapenda kitu umependa. Basi kama ni lazima, hiyo anayokuuzia muulize memori ni ngapi. Akisema GB 8, mwambie atafute yenye GB 16, kwani kuongeza baadaye hakuna. Iweke juu ya kioo uone kama inayumba. Bonyeza kile kibao pembe zote nne. Ifungue kifuniko kwa kidole kimoja usikilize bawaba. Ikilia, huenda ilishafunguliwa na wengi. Mwambie akuonyeshe betri imeshachajiwa mara ngapi, imo humo humo ndani ya mashine. Na kama anadai imetoka Uingereza, tazama juu ya namba 3 kama pana alama ya pauni, umcheke kidogo.

Ila bora unisubiri. Arusi ya binti wa ami yako ni Mfunguo Mosi, na mimi ninakuja, inshallah, na yangu naileta. Nitakuachia siku tatu. Tafsiri mkataba mzima juu yake, mrefu kuliko yote uliyo nayo, halafu uniambie shingo inasemaje. Arubuni usitoe hata shilingi kabla sijafika.

Mama anakusalimu. Na tafadhali nitandikie kile chumba chenye feni. Tuko wawili tunaoihitaji.

Shogayo wa Mkomani