Rwega, nisaidie na Chilewa

Rwega kaka, mambo? Za Bukoba, shemeji na watoto hawajambo? Sisi huku Dodoma wazima, vumbi na upepo kama kawaida. Najua nimekuchunia sana na leo nakutafuta kwa sababu nina shida, nisikufiche.

Si unamjua Chilewa na ubishi wake. Juzi pale kijiweni Majengo kaanzisha mambo ya vita, eti uwiano, ile sheria ya kutozidisha madhara vitani, ni hesabu tu, wakikuulia kumi na wewe ua kumi, ukizidisha ndo umekosea. Nikamwambia hapana bwana, hicho ni kisasi. Ile Itifaki ya Kwanza ya Nyongeza ya 1977, ya Mikataba ya Geneva, inataka upime kabla hujapiga, raia wangapi watakufa na nyumba ngapi zitabomoka, ukilinganisha na faida ya kijeshi unayoitegemea pale pale, faida ya kushikika sio ya kuota. Madhara yakipita kiasi unaacha, hata kama yeye kakuulia elfu. Na kuwalenga raia makusudi ndo kabisa, hiyo haipimwi hata.

Akanirukia, "kwahiyo Mwalimu alikosea kwenda mpaka Kampala?" Weee! Kijiwe kizima kikanigeukia, mpaka muuza kahawa kaacha kumimina, birika liko hewani. Nikasema jamani hayo maswali mawili. Amin kavamia Oktoba 1978, katangaza ardhi mpaka mto Kagera ni yake, daraja la Kyaka likalipuliwa. Kumtoa ni haki yetu, na kumfuata mpaka Kampala Aprili 1979 watu wabishane, mimi naona angeachwa angerudi. Ila Masaka kule Uganda je? Mji umeshatekwa, Februari ile ya 1979, halafu askari wetu wanalipua majengo kulipizia ya Kagera. Hapo faida ya kijeshi iko wapi? Waliokosa pa kulala hawakuwa kina Amin. Chilewa kajibu "vita haina macho" basi kamaliza, kaagiza kashata.

Sasa kinachonisumbua ni huyo anayepima. Ni kamanda, ana haraka, taarifa nusunusu. Baghdad 1991 Wamarekani walipiga handaki la Amiriyah wakisema ni kituo cha jeshi, kumbe ndani raia wamejihifadhi, wakafa zaidi ya 400. Ukisema hukujua inatosha? Mimi naona kutafuta kujua ndo nusu ya kupima kwenyewe, halafu nikiwaza askari aliyekuta kwao Kagera pameteketea... ah, hata Masaka nakuwa mpole kidogo, lakini bado.

Wewe ndo nshomile wetu, msomi, nambie. Baba yako mkubwa si alikuwa Kyaka kipindi kile? Masaka anaisemaje, au hataki kuisikia? Wazee huko kwenu wanaongelea hayo mambo au wanakaa kimya? Na wewe ungekuwa ndo umechomewa, ungetaka nini? Jibu kabla ya Jumamosi, Chilewa kasema anamleta mjomba wake aliyepigana. Na senene wangu vipi, au umeshawala wote?