Rafiki aliyebadilika tabia

St. John's, Kanada

Mpendwa Zuhura,

Salaam nyingi. Barua yako ilinifika Jumatatu, nikaisoma nimesimama mlangoni na koti bado mwilini. Umeniuliza: ikiwa Aktiki, eneo la barafu la kaskazini kabisa mwa dunia, inapata joto kwa kasi karibu mara nne ya dunia nzima, watu wa huko wanafanyaje?

Nianze na neno moja. Katika miaka ya 1990 mtafiti Shari Fox alianza kuzungumza na wazee wa Kiinuiti, wenyeji wa Aktiki, huko Nunavut, kaskazini mwa Kanada, juu ya hali ya hewa. Wakamtajia neno uggianaqtuq. Husemwa kwa kitu kilichoacha mwenendo wake wa kawaida, hata kwa rafiki wa siku zote aliyekujia leo na tabia usiyoijua. Hali ya hewa yao imekuwa hivyo. Zuhura, nilipolisoma neno lile niliweka kitabu chini. Nilikuwa nimezoea kuuliza joto nyuzi ngapi, barafu unene gani, na hawa wanazungumzia kutoaminika. Mzee aliyekuwa akitazama mawingu na upepo jioni, akawaambia vijana kesho watoke au wakae, leo anasita. Na wanamwona akisita.

Wazee wa Baker Lake, kijiji cha huko Nunavut, walieleza jambo ambalo nisingelifikiria kamwe: upepo umeshindilia theluji mpaka imekuwa ngumu mno kukatwa matofali ya kujengea iglu, ile nyumba ya theluji. Msafiri akikutwa na dhoruba, iglu ya haraka ndiyo iliyokuwa ikimwokoa.

Basi wanafanyaje? Wanafanya mengi. Wanabadili njia, wanabadili majira ya kuwinda, wanagawana nyama, wanabeba vifaa vya setilaiti. Mtafiti Claudio Aporta aliyafuatilia hayo Igloolik, kijiji kingine cha Nunavut. Wawindaji walikipenda kifaa cha GPS, kinachoonyesha njia kwa setilaiti, hasa kwenye ukungu, kwani kinawarudisha nyumbani. Lakini mwindaji mzoefu hutangulia na chusa mkononi, anaipiga barafu iliyo mbele yake. Chusa kikipenya kwa pigo moja, anarudi nyuma. Mstari wa njia kwenye kioo cha GPS haujui barafu ya leo, na kijana anayeufuata peke yake anaweza kupelekwa moja kwa moja penye barafu nyembamba.

Kinachoniuma ni watu kusifiwa kwamba wanajua kujirekebisha, kisha gharama yake isisemwe. Pikipiki ya theluji ni ghali, na petroli ya huko ni ghali pia. Mwenye kazi ya mshahara ana pesa lakini hana muda, kwa hiyo anatoka wikendi hata kama mbingu imenuna. Asiye na kazi ana muda lakini hana mafuta. Tena watu hawa walikuwa wakihama kuwafuata wanyama, mpaka katika miaka ya 1950 na 1960 serikali ilipowasukuma kwenye vijiji vya kudumu, karibu na shule na zahanati. Kuhama ndiko kulikuwa dawa yao ya mabadiliko. Kwa hiyo ninapoona utafiti unaolaumu barafu peke yake, nasema nusu ya habari imeachwa.

Hapa mjini kuna shirika liitwalo SmartICE, linalowafundisha vijana wa vijiji vya Kiinuiti kuvuta kipimo cha unene wa barafu nyuma ya pikipiki ya theluji. Ninaloheshimu ni kwamba wenyeji ndio wanaoamua njia zipi zipimwe. Wao ndio wanaopita huko.

Halafu lile dodoso letu la wavuvi wa Kilwa. Swali la tano, "umeathirika kwa kiasi gani, moja hadi tano", nimelifuta. Nimeandika: "Bahari siku hizi unaiitaje?" Kabla hatujaanza, nenda kamuulize babu yako, uniandikie neno lake kama alivyolitamka.

Wako,
Salma