Risala ya klabu yetu ya sayansi kwa mgeni rasmi, siku ya maonyesho ya midoli ya takataka

Mgeni rasmi, mwalimu mkuu, mwenyekiti wa kamati ya shule, mwenyekiti wa mtaa, walimu, wazazi, na nyie watoto mliokaa kwenye mkeka hapo mbele (jamani tunyamaze kidogo, na hizo filimbi ziwekeni chini kwanza), asalaam aleikum, Bwana Yesu asifiwe, na habari za saa hizi kwa wote.

Mgeni rasmi, kwanza tunakushukuru umefika, alafu umefika kwa muda, kitu ambacho kwenye shughuli za shule siyo kawaida sana, MC mwenyewe alikua bado anafunga spika. Tumeambiwa risala iwe fupi. Tutajitahidi.

Ulipopita kwenye meza zetu ukauliza yule mzee kwenye picha ni nani, babu yake nani hapa shuleni, watoto wakacheka. Siyo babu wa mtu hapa. Anaitwa Arvind Gupta, Mhindi, kazaliwa mwaka 1953 mji wa Bareilly kule kaskazini mwa India, na kazi yake ni kutengeneza midoli. Ndo kazi yake hiyo, hajifichi. Amesoma uhandisi wa umeme chuo cha teknolojia cha IIT Kanpur, na wanaojua vyuo vya India wanajua kuingia pale siyo mchezo, akamaliza 1975 akapata kazi Telco, kampuni ya kina Tata, kiwanda cha malori kule Pune. Malori ya Tata yapo mpaka barabara zetu hizi, kwahiyo mnajua tunaongelea nini. Kijana ana digrii, ana mshahara, mzazi gani hapa asingechinja kuku? Sasa baada ya miaka miwili hivi akaona kabisa hakuzaliwa kutengeneza malori. Alikua bado hajajua anataka nini, ila asichokitaka alishakijua. Akaomba likizo ya mwaka mzima, mwaka 1978, akaenda kijijini.

Kwanini kijijini, hapo lazima turudi nyuma kidogo. Kulikua na bwana mwingine anaitwa Anil Sadgopal, mwanasayansi mkubwa tu, PhD yake kachukua Marekani chuo cha Caltech, karudi India yupo kwenye taasisi ya utafiti ya TIFR pale Bombay, alafu akaona utafiti anaoufanya na maisha ya mtu wa kawaida wala havikutani. Akaacha. Akaenda wilaya ya Hoshangabad, jimbo la Madhya Pradesh, na wenzake wakaanzisha mpango wa kufundisha sayansi kwa vitendo kwenye shule za vijijini, mwaka 1972, shule 16 za serikali. Maabara hamna, mabomba hamna, mtoto anajifunza kwa kushika vitu vya palepale kijijini. Gupta akiwa bado mwanafunzi alikua ameshamsikia, kwahiyo alipopata huo mwaka wake mmoja akaenda kuwapa mkono.

Sasa mgeni rasmi hapa ndo penyewe. Kile kijiji kilikua na gulio mara moja kwa wiki, kama magulio yetu tu, watu wanatandika vitu chini, vibiriti, bangili, kamba, spea za baiskeli, sijui nini. Gupta akapita akanunua kimoja kimoja cha kila kitu kinachouzwa, akaenda kukaa navyo. Katika kuvigeuzageuza akakuta kale kampira keusi kembamba, ka kwenye vali ya baiskeli, kale ambako fundi baiskeli anakukatia kipande tairi likiwa linavujia kwenye vali. Akachukua vijiti viwili vya kibiriti akaviingiza huku na huku. Kumbe vinashika! Alafu vinakunjika, ni kiungo, kama kiwiko.

Kwenye meza ya kwanza umeona hiyo kazi, na tunaomba tuielezee vizuri kwa sababu wazazi wengine walidhani watoto wanachezea vibiriti (vichwa vyote vimekatwa, msiogope, mwalimu kavikata mwenyewe kwa wembe). Ukiwa na vijiti viwili na kampira kamoja una pembe, unaibana inakua pembe kali, unaifungua inakua mraba, unaifungua zaidi inakua butu, mtoto hahitaji kuchorewa ubaoni maana pembe yenyewe anayo mkononi. Ukiunga vinne una mraba, ila mraba ukiusukuma kidogo tu kwa kidole unalala unakua msambamba. Vitano hivohivo, ukivuta huku unakua kama mtumbwi, ukisukuma huku unakua kama nyumba. Sita ndo kabisa, inachezacheza haina msimamo. Alafu unampa mtoto vitatu. Anasukuma, anavuta, anabinya, wapi. Pembetatu haiendi kokote.

Siku tunafanya hili darasani mwalimu alikua amejiandaa aeleze madaraja ya reli na mambo makubwa makubwa, kabla hajafika mtoto mmoja wa darasa la nne nyuma kule akasema "mwalimu hii si kenchi?" Baba yake ni fundi wa kupaua. Darasa zima likaangalia juu, na kweli, dari hatuna hivyo kenchi zinaonekana zote, pembetatu tupu. Ilibidi kipindi kihamie nje kuhesabu pembetatu za mapaa ya jirani, na Gupta mwenyewe anasema hivyo hivyo, kwamba mtu wa kijijini hajaenda chuo cha uhandisi ila paa lake analijenga pembetatu, hiyo nayo ni sayansi ya watu.

Mgeni rasmi, kile alichokipata kwenye vijiti na mipira akakiandika kitabu, kikatolewa kwa lugha 12 na kuuza zaidi ya nakala nusu milioni. Baada ya hapo malori tena yakawa hayana mtu. Kaandika vitabu vingine vingi, katengeneza filamu fupi fupi zaidi ya 100 zilizorushwa na televisheni ya taifa ya India, na kuanzia 2003 mpaka 2014 alikua Pune, kwenye kituo cha watoto cha IUCAA. Hichi IUCAA ni kituo cha wataalamu wa nyota na anga, yani maprofesa wanahesabu magalaksi ghorofani na kwenye kajengo ka pembeni watoto wa shule wanakata mirija ya soda. Sisi tunaona hiyo ni akili kubwa sana. Mwaka 2018 serikali ya India ikampa nishani ya Padma Shri.

Na siyo midoli tu. Hadithi pia, na hapa watu wengi hawajui, huyu mzee ametafsiri vitabu vya watoto vingi mno kwenda Kihindi, kwa sababu aliona mtoto anayejua Kiingereza ana rafu nzima ya kuchagua na mtoto wa Kihindi hana, na tovuti yake imejaa vitabu vya bure kwa lugha mbalimbali, unashusha unasoma, huombwi hata namba ya simu. Tungekua na mtu wa hivyo kwa Kiswahili tungempa nyumba.

Meza ya pili ndo hiyo ya hadithi na nyimbo. Ile kofia ya gazeti ni mchezo wa zamani, hata baadhi ya wazazi wameutambua, ila watoto wameuwekea hadithi yao. Unakunja gazeti inakua kofia ya nahodha, unakunja tena inakua mashua, mashua inaondoka inapigwa na wimbi upande wa mbele (unachana), upande wa nyuma (unachana), na mlingoti juu (unachana), alafu unaikunjua taratibu na kinachobaki mkononi ni shati lenye shingo na mikono. Kwa watoto wetu nahodha hafi, anaogelea mpaka ufukweni na wakati huo shati limeanikwa. Kila darasa lina mwisho wake, darasa la pili wao nahodha anakutana na pweza, hatukuwazuia.

Hizo filimbi zinazopiga kelele tangu asubuhi ni mirija ya juisi. Unabana ncha moja kwa meno mpaka iwe bapa, unakata kwa mkasi pande zote mbili ibaki kama mdomo wa ndege, unapuliza, zile ndimi mbili zinatetemeka zinagongana na sauti inatoka. Bibi mmoja mzazi wa Pwani akasikia akasema hiyo zumari, na kweli bibi ameshinda kitabu, zumari ya ngomani inalia kwa ndimi zilezile, ila yake ni ya majani. Utamu wa mrija ni kwamba huku mtoto anapuliza mwenzake anakata kwa mkasi kule mwisho, chwa, chwa, kila ukikata sauti inapanda, mpaka mrija unakaribia kuisha sauti ni ya mbu. Mtoto akishaona hivyo huhitaji kumwambia urefu wa bomba na sauti vinahusiana vipi, atakwambia yeye. Sasa hivi kuna kundi la mirija minne yenye urefu tofauti na wanapiga wimbo wao wa foleni ya uji. Watakupigia baadae kama muda upo, na kama muda haupo watakupigia tu.

Mgeni rasmi, kuna jambo la huyu mzee ambalo lilituletea ubishi kwenye kikao cha wazazi. Anasema jambo zuri kuliko yote ambalo mtoto anaweza kulifanyia mdoli wake ni kuuvunja. Mzazi mmoja akasimama akasema nyie walimu hamnunui nyie. Ana haki yake, gari la plastiki la dukani likivunjwa limevunjwa, hela imeenda. Lakini gari la waya lenye matairi ya ndala zilizochoka, mtoto kalisuka mwenyewe, likivunjika anajua limevunjikia wapi na kesho lipo barabarani lina stering iliyoboreshwa. Gupta anaongelea mdoli wa namna hii. Watoto wetu wamekua wakitengeneza magari haya, na tiara, na mipira ya makaratasi tangu enzi na enzi, na shule nyingi tu gari la waya likionekana getini linachukuliwa linatupwa stoo kwa kosa la kuleta michezo shuleni. Tunasema hili kwa heshima zote. Lile gari lina ekseli, lina usukani wenye nyenzo, lina msuguano, yote hayo mtoto huyohuyo atakuja kuulizwa kwenye mtihani na atakosa kwa sababu hakuna aliyemwambia kwamba ndo lile lililopo stoo.

Na ule mpango wa Hoshangabad, kama unajiuliza uliishia wapi, ulikua mpaka ukafika shule kama 1,000 hivi, alafu mwaka 2002 serikali ya jimbo ikaufunga. Miaka 30, barua moja. Mgeni rasmi sisi hatusemi kitu, tumeona tu tukutajie.

Sasa maombi, maana risala bila maombi haijawahi kusomwa nchi hii. Pesa hatujaja kuomba (ila ukitoa hatukatai, mhazini yupo pale). Tunaomba kabati moja lenye kufuli, kwa sababu sasa hivi vitu vyetu vinakaa kwenye boksi chini ya meza ya mwalimu na panya wameshagundua gundi ya unga. Tunaomba pia utuombee kwenye karakana huko kwenu, mota zikiungua zile waya za shaba wanazozifumua, na spika mbovu zenye sumaku, zisitupwe zote wala zisiende zote kwa wa chuma chakavu, watoto wetu kilo moja wanakula muhula mzima. Na la mwisho ambalo halina gharama kabisa, gari la waya liruhusiwe kuingia getini, liwe na meza yake siku ya sayansi, na mwenye gari aulizwe maswali kama anavyoulizwa mwenye daftari.

Kabla hujapanda kuongea tunakuomba upite meza ya tatu maana ulipitishwa haraka haraka. Pale kuna mota ya umeme. Ni betri moja kubwa ya redio, pini mbili zimebanwa kwenye ncha zake kwa mpira wa manati, sumaku ya spika imekaa juu ya betri, na kakoili ka waya wa shaba kanaelea kwenye matundu ya pini. Uangalie mikono ya kale kakoili, mkono mmoja rangi imekwanguliwa yote, mkono wa pili imekwanguliwa upande mmoja tu. Watoto watakuuliza kwanini nusu, ni mtego wao, wanauliza kila mtu mzima. Jibu ni kwamba umeme ukiwa unapita muda wote koili inavutwa ikifika mahali inang'ang'ania palepale, kwahiyo nusu ya mzunguko umeme unakatika, koili inapita yenyewe kwa kasi yake, alafu inashikwa tena. Ukishindwa kujibu usijali, hata mkaguzi alikaa kimya.

Ukiisukuma kidogo itaanza. Usiiache muda mrefu tu, betri inapata moto na ndo tuliyobaki nayo.

Naomba kuwasilisha.