Vita ya dunia iko Tengeru, watoto wapelekwe wakaione

Mhariri,

Wiki iliyopita mjukuu wangu wa kidato cha nne alinikaririshia sababu za Vita Kuu ya Pili ya Dunia bila kupumua: Mkataba wa Versailles, mdororo wa uchumi wa 1929, udhaifu wa Shirikisho la Mataifa, kuinuka kwa Hitler na Mussolini. Hakukosea hata moja. Nikamuuliza, Wapolandi waliozikwa hapa Tengeru, karibu na mji wa Arusha, walifikaje? Akanyamaza. Kutoka shuleni kwake hadi kwenye makaburi hayo ni daladala moja tu.

Simlaumu mtoto. Nami nimefundisha somo hili miaka mingi, na nilichora ubaoni safu tatu zilezile: sababu, mikakati, matokeo. Mwanafunzi ananakili, anafaulu, anasahau. Nimeanza kulijutia jambo hili nikiwa mstaafu, ndiyo maana naandika.

Makaburi yenyewe, karibu 150, yako ndani ya eneo la chuo cha mifugo, si mbali na Ziwa Duluti. Safari ya waliolala pale ilianza tarehe 23 Agosti 1939, siku Ujerumani na Urusi ya Kisovieti zilipotia saini mkataba wa kutoshambuliana. Ndani yake mlikuwa na makubaliano ya siri ya kuigawana Polandi. Hitler hakutaka kupigana mashariki na magharibi kwa wakati mmoja. Stalin alitaka ardhi na muda. Septemba 1 Wajerumani wakaivamia Polandi, Septemba 17 Warusi wakaingia kutoka upande wa pili. Kuanzia Februari 1940 familia nzima nzima za mashariki ya nchi ile zilitolewa majumbani, zikapakiwa kwenye mabehewa ya mizigo na kupelekwa Siberia na Kazakhstan.

Juni 22, 1941, Hitler akamgeuka Stalin. Basi wafungwa wa jana wakahitajika. Wapolandi wakaachiliwa ili waunde jeshi chini ya Jenerali Władysław Anders, na mwaka 1942 wakavuka kuingia Iran. Jeshi lile ndilo lililopigana Monte Cassino, Italia, Mei 1944. Wanawake, watoto na wazee wengi waliletwa Afrika Mashariki kwa meli, na karibu 5,000 wakawekwa Tengeru, kwenye vijumba vya duara vilivyoezekwa kwa majani. Fikiria mama aliyetoka kwenye theluji ya Siberia, akiamka asubuhi na kuuona Mlima Meru mbele yake, mumewe yuko vitani Italia.

Vita ilipokwisha, wengi wao hawakuwa na pa kurudi. Katika mkutano wa Yalta, Februari 1945, Roosevelt wa Marekani, Churchill wa Uingereza na Stalin walikubaliana kwamba mashariki ya Polandi ibaki mikononi mwa Urusi. Nyumba iliyoachwa 1940 ilikuwa sasa nchi nyingine. Wengi wakaishia Uingereza, Kanada na Australia. Sasa niambieni, kaburi moja la Tengeru utaliandika kwenye safu ipi? Mkakati wa mmoja umekuwa sababu ya kufukuzwa kwa mwingine, na matokeo ya mkutano wa wakubwa watatu yamekuwa sababu ya mtoto kukulia Kanada.

Kuna jambo linaloniuma zaidi. Wapolandi wale wana makaburi yao na yanatunzwa, na ni haki yao. Wa kwetu je? Mjomba wa mama yangu alikuwa keya, yaani askari wa jeshi la kikoloni la Waingereza, King's African Rifles. Alipelekwa Bama (Myanmar ya leo), ambako mwaka 1944 askari wa Afrika Mashariki walipenya Bonde la Kabaw kwenye mvua na malaria, wakiwasukuma Wajapani hadi Mto Chindwin. Wapo ambao hata Bama hawakufika: tarehe 12 Februari 1944 meli ya Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa ikielekea Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Kijapani, wakafa karibu watu 1,300, wakiwemo wapiga mizinga wengi wa Afrika Mashariki. Mjomba alirudi na koti zito la jeshi na maneno machache. Hakuna aliyeketi naye na kalamu.

Wala si askari peke yao. Japani ilipoziteka Ufilipino na Java, Waingereza na wenzao walikosa nyuzi za kamba za kutosha, na mkonge wa Tanganyika ukawa mali ya vita. Vijana walichukuliwa kwa lazima kwenda kuukata. Huyo naye yuko vitani, ingawa hakushika bunduki.

Ombi langu kwa walimu wakuu wa Arusha na Meru ni dogo. Kabla mada hii haijaanza darasani, tengeni nusu siku, mwende na wanafunzi Tengeru. Kisha wapeni kazi ya nyumbani: waulize nani katika ukoo alikuwa keya, nani alipelekwa mkonge, waandike jina, kijiji, na alichosimulia. Watoto wa keya wenyewe sasa ni wazee wa miaka sabini na themanini, na kila mwaka tunawazika.

Daftari la mjukuu wangu lina jina moja tayari, la mjomba. Kijiji tumekijua. Mwaka aliochukuliwa, bado tunauliza kwa shangazi za mjukuu.

Mwalimu mstaafu,
Usa River, Arusha