Barua ya malalamiko: dola 39 kwa usiku, halafu nyingine 45

Tarehe 9 Februari 2026

Kwa Meneja,
Kitengo cha Huduma kwa Wateja.

YAH: MALALAMIKO KUHUSU SAFARI YA LAS VEGAS, 25–29 JANUARI 2026, NA MADAI YA KUREJESHEWA DOLA 204.08

Ndugu Meneja,

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi na mume wangu tulinunua safari hiyo kwenu, ninyi mkiwa wakala wa safari. Nimekawia kuandika kwa sababu nilitaka kwanza kadi yangu ya benki itulie, nione kilichokatwa moja kwa moja na kitakachorudi.

Tangazo lenu lilinifikia kwa WhatsApp, kwa Kiswahili kizuri kabisa: Las Vegas dola 39 kwa usiku, kila kitu ndani. Sikuwarukia. Niliandika kuuliza kama kuna chochote cha kulipa tukifika, na mfanyakazi wenu akanijibu kwa maneno haya: "Usijali dada, wewe njoo na begi lako tu." Ujumbe huo ninao na nimeuambatanisha. Ndipo nikawalipa usiku nne, dola 156, pamoja na kodi ya chumba ya asilimia 13.38, jumla dola 176.87.

Naomba muelewe sisi ni wasafiri wa namna gani. Hatukuja kutapanya. Tulichagua Jumapili hadi Alhamisi kwa kuwa wikiendi bei za vyumba pale hupaa, na tukachagua mwishoni mwa Januari, maonyesho makubwa ya teknolojia ya mwanzo wa mwaka yakiwa yameshapita. Kila dola ilikuwa na kazi yake kwenye daftari: chakula, basi, zawadi za watoto, na dola 40 za kuchezea kasino, ambazo tulizihesabu kuwa zimekufa tangu nyumbani.

Tumefika mapokezi saa tisa alasiri, foleni ndefu, magurudumu ya masanduku yanalia kwenye marumaru. Binti wa kaunta akachukua vitambulisho, akabonyeza kompyuta yake, kisha akageuza kioo kidogo kunielekezea nitie saini. Ada ya risoti: dola 45 kwa usiku, mara nne, na kodi juu yake. Dola 204.08. Nikamwambia nimeshalipa kila kitu kwa wakala. Hakunibishia, alinisikitikia tu. Akasema wakala amelipia chumba, ada hii hulipwa hapahapa na haina msamaha. Nyuma yangu watu wameanza kuguna. Nikatia saini.

Basi angalieni hesabu yenyewe. Ada imekipita chumba! Kile mlichokitangaza kama bei nzima hakikufika hata nusu yake: dola 39 kati ya 84, kabla ya kodi.

Nikauliza ada hiyo ni ya nini, nikaambiwa ni intaneti, simu za ndani ya jiji, chumba cha mazoezi na bwawa la kuogelea. Simu ninayo mfukoni. Bwawa tulilikuta limekaushwa, viti vimepangwa kimoja juu ya kingine na kufungwa mnyororo, na kibao kikieleza kuwa litafunguliwa majira ya kuchipua. Wakala wa Las Vegas anajua kwamba mabwawa mengi kule hufungwa wakati wa baridi. Au anapaswa kujua.

Najua mtanijibu kwamba ada ni ya hoteli, si yenu. Hapo ndipo hasa ninapotaka tuelewane. Tangu tarehe 12 Mei 2025 ipo kanuni ya Tume ya Biashara ya Shirikisho ya Marekani, FTC, inayomtaka kila anayetangaza bei ya malazi ya muda mfupi aonyeshe bei kamili, ada zote za lazima zikiwemo. Kinachoruhusiwa kuachwa nje ni kama kodi za serikali, na ndiyo maana kodi sikuigombania. Kanuni hiyo haimwangalii mwenye hoteli peke yake. Inamhusu pia anayeuza kwa niaba yake. Ninyi mlitangaza 39 wakati haikuwepo njia yoyote ya mtu kulala pale kwa 39. Tangazo la halali lingeanza na dola 84. Na kwa dola 84 nisingewaita wezi. Ningelinganisha na hoteli nyingine, pengine za katikati ya mji upande wa Fremont Street, halafu nikaamua kwa akili yangu.

Jambo la pili ni yale maneno ya tangazo lenu kwamba hoteli iko "hatua chache kutoka Strip", ile barabara kuu ya kasino. Kwa macho ni kweli. Majengo ya kule ni makubwa mno, ukilitazama moja kutoka dirishani unadhani ukinyoosha mkono utaligusa. Sisi tulitembea dakika 35, tukipita kando ya maegesho ya magari yasiyo na mwisho, mpaka kufika barabara yenyewe, na bado ukifika unapanda madaraja ya waenda kwa miguu ili uvuke upande wa pili. Basi dogo la hoteli mlilolitaja lilikuwa limeshasitishwa. Usiku wa kwanza mume wangu alirudi na malengelenge. Baada ya hapo tukawa tunajikongoja hadi kituo cha Deuce, lile basi la ghorofa linalopita Strip usiku na mchana, tukakata tiketi ya siku nzima. Hilo ndilo lililotuokoa, na ninyi hamkututajia hata jina lake.

La tatu, friji. Niliwauliza mahususi, kwa kuwa mume wangu anatumia insulini. Mkasema friji ipo. Ipo kweli, ila ni ile ya kuuzia vinywaji, imejazwa soda na pombe hadi mlangoni, na chini ya kila chupa kuna kitambuzi. Nilisogeza chupa mbili tu ili kupata nafasi ya dawa na maziwa ya mgando. Asubuhi nikakuta dola 28 kwenye bili yetu kwa vinywaji ambavyo hatujavifungua. Kwa haki ya hoteli niseme: walizifuta bila ubishi, wakatuletea friji ndogo tupu kwa ajili ya dawa. Dola 200 za amana walizozizuia kwenye kadi nazo zimerudi, ingawa baada ya siku sita. Hizo siwadai. Nawaeleza ili mjue mteja anayekwenda na kadi ya benki yenye fedha za kuhesabu anabaki na nini siku zote hizo.

Zile dola 40 za kasino pia siwadai, tulizichezea wenyewe. Ila niwaambie kitu. Jioni ya pili nilisimama kwenye meza ya ruleti, ule mchezo wa kubashiri kijimpira kitaangukia namba gani kwenye gurudumu, na hii ilikuwa na sifuri tatu. Nafasi ziko 39, sawasawa na bei yenu, lakini ukishinda kwa namba moja unalipwa 35 kwa 1. Yeyote anayejua kugawanya ataona kwamba kasino inajiwekea karibu asilimia 7.7 ya dau. Na sifuri zenyewe zimepakwa kijani, zote tatu, mbele ya macho ya kila anayeweka fedha. Nilicheka peke yangu pale. Meza ya kamari ilikuwa imenionyesha masharti yake kabla sijatoa dola, na ninyi ndugu zangu hamkunionyesha.

Ninachodai ni hiki: mnirejeshee dola 204.08 nilizotozwa mapokezi, kwa kuwa niliuliza kwa maandishi na mkanijibu kwa maandishi kwamba hakuna. Vocha ya safari ijayo siitaki. Nawapa siku 14 tangu tarehe ya barua hii. Zikipita, nitapeleka malalamiko FTC pamoja na tangazo lenu, majibu yenu na risiti ya hoteli. Nakala za vyote vitatu zimo humu.

Tangazo lenyewe bado linazunguka. Jana shoga yangu amenitumia, bei ileile, maneno yaleyale, ananiuliza kama ni la kweli maana anataka kumpeleka mama yake mwezi wa nne. Sijamjibu bado.

Wenu,
Mteja wa safari ya 25–29 Januari