Mhariri, mkituandikia tumeshika nafasi ya ngapi mtuambie na imepatikanaje

Mhariri, salaam kutoka Mwanjelwa, Mbeya. Mimi nauza magazeti huku mwaka wa kumi na moja sasa, na kila ikikaribia Mei 3, ile siku ya uhuru wa vyombo vya habari, najua kabisa mtatoa habari ya Tanzania imeshika nafasi ya ngapi duniani kwa uhuru huo. 2023 tulikuwa wa 143, 2024 tukaruka mpaka 97, 2025 wa 95, kati ya nchi 180. Ile ya 97 watu walijaa kibandani, kununua hawanunui, wanasoma vichwa vya habari bure kama kawaida yao, mmoja akaniuliza kwaiyo braza mwaka mmoja tu waandishi wameshakuwa huru ivo? Sikuwa na jibu.

Baadaye kijana mmoja wa chuo ndo akanifafanulia. Wale Waandishi Wasio na Mipaka wa Paris, shirika linalotoa hizo nafasi, walianza kupanga nchi 2002, wanagawa dodoso kwa waandishi, watafiti na watu wa haki za binadamu, wanahesabu na waliokamatwa na waliouawa, alafu wanatoa maksi kwenye mia kwa mambo matano, siasa, sheria, uchumi, jamii na usalama. Nafasi inakuja mwisho, kama mtihani wa darasa la saba tu, unaweza kupata maksi zilezile za mwaka jana ukapanda kwa sababu wenzio wamefeli zaidi. Na 2022 walibadilisha namna ya kukokotoa, kwaiyo ukilinganisha na miaka ya nyuma ya hapo unajidanganya. Hayo hamyaandiki, mnaandika namba.

Halafu namba ni moja ya nchi nzima. Sisi huku tunakumbuka Nyololo, Mufindi, Septemba 2 mwaka 2012, Daudi Mwangosi wa Channel Ten alivyouawa akiwa kazini, na askari polisi aliyekuja kufungwa miaka 15 mwaka 2016. Kwenye jedwali hicho ni kifo kimoja cha mwaka mmoja, ila huku mpaka leo mwandishi akibeba kamera kuna mtu nyumbani anamwambia angalia usije ukawa Mwangosi.

Kinachonikera zaidi ni kingine. Kule Florence, Italia, kuna watafiti wa chuo wanapima nchi za Ulaya kwa kuangalia wingi wa sauti: chombo ni cha nani, hela ya matangazo inatoka wapi, wanasiasa wanaingiaje chumba cha habari, redio za kijamii na watu wa pembeni wanasikika au la. Hawatoi wa kwanza na wa mwisho tu, wanatoa asilimia ya hatari, unaona kidonda kiko wapi.

Sasa njoo Mbeya. Asubuhi washa redio, stesheni ya kwanza wanasoma magazeti, ya pili wanasoma magazeti hayohayo ninayouza mimi, ya tatu mpira. Ukihesabu stesheni utasema tumejaliwa. Jamaa yangu mtangazaji msimu uliopita alikuwa na stori ya mbolea, mama mmoja wa Uyole alikuja na mfuko wake wa kilo 50 haujafunguliwa bado, tukaupandisha kwenye mzani wa muuza viazi hapo jirani, ukasoma 46, tukaupandisha tena, 46. Stori haikwenda hewani kwa sababu wakala aliyeuza ndo mwenye tangazo la saa moja asubuhi. Hakukamatwa mtu, hakupigwa mtu, jamaa aliambiwa tu tuiache kwanza. Paris wataliona hilo? Labda kwenye kile kipengele cha uchumi, kama aliyejaza dodoso anaishi Uyole.

Kwaiyo Mei ijayo mkitoa nafasi yetu, wekeni na maksi za vile vitano kimoja kimoja, na mtume mtu aje asikilize redio za huku wiki nzima aandike alichosikia.

Leo nimeletewa gazeti lenu nakala nane, imebaki moja, anaisoma fundi viatu hapa pembeni na hajalipa.

Muuza magazeti, Mwanjelwa