Yah: Tairi la nyuma la DragStar, na aliyoyafanya msimamizi wenu wa kaunta

South B, Nairobi
16 Juni 2025

Kwa Meneja,

Salamu. Nimejizuia siku mbili nisiandike nikiwa na hasira. Hasira bado ipo, lakini nitajaribu kutumia adabu ambayo duka lenu halikuwa nayo Jumamosi.

Masharti yenu mnayajua, yamebandikwa ukutani juu ya kichwa cha keshia. Niliagiza kwa simu tairi la nyuma la pikipiki yangu, Yamaha DragStar 650 Classic, 170/80-15 77H. Nilizisoma namba hizo moja moja, na aliyepokea simu akazirudia zote sawasawa. Nikatuma arubuni ya shilingi 10,000 kwa M-Pesa. Hapo hatuna ugomvi.

Ugomvi ulianzia kaunta. Tairi lililetwa limepakwa mafuta, linang'aa kama viatu vya bwana harusi. Nikaligeuza kutafuta tarehe ya kutengenezwa. Namba nne za mwisho kwenye ule mstari wa DOT, ulioandikwa ubavuni mwa tairi, zilikuwa 3115: juma la 31, mwaka 2015. Yaani lilitoka kiwandani siku chache baada ya Obama kumaliza ziara yake hapa Nairobi, nanyi mnaniuzia leo kama jipya. Nilipomwonyesha msimamizi wenu, aliweka kidole gumba juu ya zile namba akasema, "Mzee, hizo ni za kiwanda tu, hazikuhusu." Nikamwomba aondoe kidole. Hakuondoa. Akawageukia wateja wengine: "Huyu mzee anataka kusoma tairi kama gazeti."

Watu wakacheka.

Meneja, pikipiki hii peke yake inapita kilo 200, mimi mwenyewe si mwembamba, na mke wangu hukaa nyuma yangu tukienda Naivasha. Sehemu kubwa ya mzigo huo hukalia tairi la nyuma. Ile 77 maana yake ni uwezo wa kubeba hadi kilo 412, na H ni mwendo wa hadi kilomita 210 kwa saa, mwendo ambao sijawahi kuufikia wala siutamani. Sikuziandika kwa urembo. Raba huzeeka hata ikiwa imelala stoo: hukauka, ikawa ngumu, na barabara ikilowa haishiki. Nilipobonyeza ubavu wa tairi lenu kwa vidole, chini ya yale mafuta vilitokea vijistari vyembamba kama nyufa za kisigino. Mteremko wa Mai Mahiu, njia ya Naivasha, haujali tairi linang'aa kiasi gani.

Nimesahau kusema kwamba wakati huo gurudumu langu lilikuwa limeshafunguliwa. Fundi wenu alianza kazi kabla mimi sijaonyeshwa tairi, na kwa haraka zake akaibana tyubu kwa chuma akaitoboa. Rimu zangu ni za spoki, zinahitaji tyubu. Kwa hiyo nilikuwa na pikipiki iliyokaa juu ya jeki, tyubu iliyotoboka, na tairi la karibu miaka kumi mbele yangu. Ningeondoka vipi?

Ndipo likaja pendekezo ambalo hadi leo siamini nililisikia: nifungiwe 165R15, tairi la Volkswagen Beetle, kwa sababu "inchi kumi na tano ni inchi kumi na tano". Tairi la gari lina uso bapa kwa kuwa gari halilali kwenye kona. Pikipiki hulala. Tena ukingo wa rimu ya pikipiki haukuchongwa kama wa gari, tairi haliketi inavyopasa. Najua wapo wanaofunga hivyo kwa hiari yao, hata Marekani wapo, na Mungu awalinde. Mimi nililipia tairi la pikipiki.

Lakini nirudi kwenye kile kidole, maana nikifumba macho ndicho ninachokiona. Kidole gumba cha mkono wa kulia, ukucha mweusi kwa grisi, kimekandamiza zile namba nne kana kwamba zingetoroka. Mimi nasema, "Kijana, toa kidole nisome." Yeye hanitazami, anawatazama vijana wa bodaboda waliokuja kununua tyubu, na anasema lile neno lake la gazeti. Wanacheka. Mke wangu, ameshika helmeti zetu mbili, anainamisha uso. Na mimi, nasema kwa aibu, nilicheka kidogo pamoja nao. Hilo linaniuma kuliko pesa.

Tukija kwenye pesa. Jumamosi ningeridhika na arubuni yangu, 10,000, basi. Keshia akanionyesha ukuta: pesa hazirudishwi. Halafu akanidai 1,500 za kufungua gurudumu, nikalipa ili niruhusiwe kuondoka. Pikapu ya kubeba pikipiki hadi nyumbani, 3,500. Tyubu mpya, 1,800. Jumla ni 16,800, na sishuki hata shilingi.

Nataka pia lile tairi litolewe rafuni na likatwe, nione, kabla halijauziwa kijana asiyejua kusoma "gazeti". Na msimamizi wenu aniombe radhi palepale kaunta, Jumamosi, saa ya wateja wengi, kwa sauti ileile.

Nilikusudia kuwapa siku saba. Nikisoma tena nilivyoandika naona ni nyingi. Nawapa hadi Ijumaa saa sita mchana. Baada ya hapo malalamiko yatakwenda kwa Mamlaka ya Ushindani, na madai yatakwenda Mahakama ya Madai Madogo, Milimani, ambako kesi huamuliwa ndani ya siku 60 na sihitaji wakili. Huko sitadai 16,800 peke yake, nitadai na fidia ya usumbufu. Kifungu cha 46 cha Katiba kinampa mteja haki ya bidhaa zenye ubora unaofaa na ya kupewa habari anazozihitaji. Tarehe ya tairi ni habari.

Nimeambatisha risiti na picha mbili alizopiga mke wangu. Moja inaonyesha 3115. Nyingine inaonyesha kidole.

Mteja wenu,
Mwenye DragStar nyeusi